Msukuma Toroli

Kuna picha yangu imezagaa, nimevaa miwani ya plastiki, nasukuma toroli lililobeba kitu kama friji iliyovuliwa nguo. Mshkaji mmoja wa Mlimani akaniuliza kama ada imenishinda hadi nimerudi kwenye kazi za Kariakoo. Nimeahidi kuieleza hii picha tangu Machi 2025. Leo wacha niieleze nilale.

Wengi mnajua nasomea ualimu wa fizikia huku Michigan. Kabla hawajakupeleka mazoezi yenyewe ya kufundisha wanataka uwe na saa kadhaa za kukaa na wanafunzi. Wenzangu wakachukua masomo ya jioni, mimi nikaangukia timu ya roboti ya sekondari moja. Jamani, huku haya mambo ni makubwa. Mashindano yanaitwa FIRST Robotics Competition, yalianza 1992 kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja kule New Hampshire, na leo hakuna jimbo la Marekani lenye timu nyingi kama Michigan. Mchezo unatangazwa Januari, watoto wanajenga roboti kwa wiki chache, halafu timu tatu zinaungana kupambana na tatu nyingine kwa dakika mbili na kitu. Mchezo wa 2025 uliitwa Reefscape, roboti zinapachika vipande vya bomba la plastiki kwenye nguzo, eti ndiyo matumbawe. Mtoto wa pwani nikacheka peke yangu.

Siku ya kwanza nikafika na mzuka kweli kweli. Wale wakubwa wa timu ni mainjinia wanaojitolea baada ya kazi. Wakagawana: mmoja programu, mmoja umeme, mmoja mkono wa roboti. Nikabaki nimesimama kama mgeni aliyekosa kiti. Mmoja akanitazama, akasema kwa upole kabisa, “Wewe wa ualimu, chukua toroli.”

Iliniuma, sidanganyi. Nimevuka bahari kuja kupewa mkokoteni!

Kumbe lile toroli lilikuwa na historia. Msimu wa nyuma walikuwa wanatumia la dukani, lenye vigurudumu vidogo kama vya kiti cha ofisini. Kimoja kikanasa kwenye ufa wa mlango wakielekea uwanjani, na walipofika wakakuta bampa za bluu wameziacha kule kwenye kibanda chao. Roboti bila bampa haichezi. Wenzao wawili wakapambana na watatu, wakafungwa, na wale watoto hawajasahau hadi leo. Roboti yenyewe ilikuwa nzima! Ukiwauliza habari za msimu ule hawakuambii juu ya mkono wala programu, wanakuambia juu ya kigurudumu.

Nikapewa msaidizi mmoja, binti wa miaka 14, mdogo kuliko wote. Nitamwita Kimya, maana wiki ya kwanza sikumsikia akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Alikuwa na daftari la mistari na penseli, basi.

Tukaanza na futi kamba. Kanuni zinataka toroli lipite kwenye mlango wa inchi 30, yaani sentimita 76, lisiendeshwe kwa mota, na lisipige muziki. (Nani alikuwa anapiga muziki kwenye toroli? Wapo, ndiyo maana kuna kanuni.) Tukapima roboti, upana wake inchi 26. Ukiifunga bampa inafika kama 33. Maana yake haipiti mlangoni ikiwa imevaa, lazima bampa zisafiri peke yake kwenye toroli hilo hilo, na seti zote mbili, nyekundu na bluu, ili isijirudie aibu ile.

Hapo ndipo nikaona Kariakoo imenisomesha. Wale jamaa wa mkokoteni wana magurudumu makubwa kwa sababu gurudumu kubwa linapanda juu ya shimo ambalo dogo linatumbukia. Nikapendekeza mawili makubwa ya upepo nyuma, na mawili ya kuzunguka mbele yenye breki. Mkokoteni halisi wa magurudumu mawili usingefaa, ukishusha mzigo unainua mikono juu, na hapa roboti inapanda na kushuka kutwa nzima. Kimya akachora. Akachora pia vipande vya mbao vya kuegesha fremu ya roboti, magurudumu yake yabaki yananing'inia hewani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, sentensi yake ya kwanza ndefu, “Mtu akiijaribu ikiwa juu ya toroli, isijiendeshe ikadondoka.” Mimi sikuwa nimeliwaza hilo kabisa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Betri za hizi roboti ni za volti 12, za risasi na asidi kama ya pikipiki, kila moja ina kilo sita hivi, na kila mechi unaweka iliyojaa. Kimya alichora rafu ya betri chini kabisa, karibu na ekseli. Mimi nikaona kuinama inama kutachosha watu, bora ziwe juu karibu na mshikio, unachomoa tu. Sikumwambia. Jioni moja aliwahi kuondoka, nikashika drili mwenyewe, nikafunga rafu juu: betri tatu na chaja. Fundi kwa kwenda mbele! Alivyofika kesho yake akaiangalia ile rafu, akafunga daftari, akaenda kupanga nati kwenye makopo. Nikadhani amependa.

Jumamosi tukatoka kulijaribu nje. Ilikuwa Februari, barafu bado imeng'ang'ania kwenye ule mteremko wa zege wa kwenda maegesho. Roboti juu, pauni 115, ndiyo kikomo cha mwaka ule bila betri na bampa, kama kilo 52. Gurudumu la mbele likapanda kibonge cha barafu, toroli likainama upande, na zile kilo zangu za juu zikamalizia kazi. Vijana wawili wakaidaka roboti kwa vifua. Nilisikia moyo wangu umesimama, maana mmoja wao mguu wake ulikuwa chini yake kabisa. Hakuumia mtu. Lakini betri moja iliruka, ikapasuka kona, ikaanza kulowa.

Mtu akauliza, “Magadi ya kuokea yako wapi?” Yale ndiyo yanayoua asidi. Kila timu inatakiwa kuwa nayo karibu. Kwenye toroli letu nilikuwa nimefunga kishikio cha chupa ya maji, kishikio cha simu, hata mahali pa kutundika bendera. Magadi hayakuwepo. Kijana akakimbia hadi jikoni kwa mapishi ya shule, akarudi na pakiti, tukamwaga, likachemka povu kama chapati mbovu.

Kimya hakusema kitu. Alifungua daftari, akanionyesha ule mchoro wa rafu ya chini. Basi. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nikaomba radhi mbele ya timu nzima, kwa Kiingereza changu cha kukwama kwama. Halafu nikamkabidhi drili. Ilimchukua siku tatu kazi ambayo ningeimaliza kwa saa moja, na mara mbili tundu lilikwenda upande. Nilikaa juu ya mikono yangu kihalisi, niliikalia, ili isimnyang'anye. Alipomaliza, betri zilikuwa chini kila moja na mkanda wake, bampa zimesimama kama sahani kabatini, spana na alenikii kwenye droo, na kopo la magadi mbele kabisa, ameandika kwa herufi kubwa.

Machi tukaenda mashindanoni. Mechi 12 za makundi. Tulishinda chache, tukafungwa nyingi, mkono wa roboti ulikuwa na mambo yake, na mchana wa pili hatukuchaguliwa kuingia mtoano. Lakini mechi zote 12 tulikuwa kwenye foleni kabla ya kuitwa. Njia za pale ni kama Msimbazi siku ya sikukuu, kila timu inasukuma yake huku wanapiga kelele, “Roboti! Roboti!” Kimya naye akawa mbele ya letu anapaza sauti. Nikamfundisha “pisha mzigo”, akaitamka vibaya vizuri, na watu wakapisha.

Mechi ya tisa, timu ya jirani wakaja mbio, wamefungukiwa na bolti, hawana spana ya saizi ile. Kimya akavuta droo bila hata kuangalia, akawapa, akaandika kwenye daftari namba ya timu na saa.

Ile spana haijarudi hadi leo. Bado anawadai, na jina la timu ile analo.