Mukuyu umekubali, muputu umekataa

Kwa Kijapani, bonsai ni mmea uliopandwa katika sinia, basi. Neno halidai kwamba mti uwe wa Japani, na hilo lilinipa moyo nianze na miti ya huku kwetu. Kukata kijiti na kukichomeka ardhini si jambo geni Lubumbashi: ndivyo tunavyopanda mihogo, ndivyo matembele yanavyojaa nyuma ya nyumba.

Mukuyu haukunisumbua. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua, nilikata tawi la unene wa kidole gumba, nikaacha maziwa yake yakauke, nikalichomeka kwenye mchanga ndani ya bidoni iliyokatwa. Mvua ilipokolea likatoa majani. Sasa una miaka mitatu na haufiki gotini. Matawi nayapinda kwa waya wa shaba niliotoa katika kebo kuukuu. Mizizi naipunguza kila baada ya miaka miwili. Nkambo huutazama kwa huruma.

"Juu ya nini unatesa huu muti?"

Nilimjibu kwamba siutesi, naufupisha. Akauliza tofauti yake ni nini. Nasoma lugha mwaka wa tatu, na bado namdai jibu.

Muputu ni habari nyingine. Vijiti vyake vilinikaukia misimu miwili mfululizo. Mti huu hauoti kirahisi kwa kijiti, na mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu za udongoni: kuvu huuletea maji na madini, mti huzilipa sukari. Baadhi ya bowa tunaonunua barabarani wakati wa mvua ni matunda ya ushirika huo. Tena mche wake mchanga hujenga mizizi kwanza. Shina dogo hufa kiangazi na kuchipua tena, mwaka baada ya mwaka, huku chini mzizi unanenepa. Ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa na sinia.

Wajapani wana njia nyingine: kung'oa mti uliodumaa porini wenyewe. Kwetu kazi ya kudumaza hufanywa na shoka la makala. Kwenye barabara ya Kasenga nilikuta kisiki cha muputu, kinene chini, kimezungukwa na machipukizi yenye majani mekundu ya kabla ya mvua. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kukipinda kwa waya. Mchoma makala akaniambia nikichukue, maana machipukizi yakinenepa atayakata tena.

Jembe nilikuwa nalo. Nilijua kwamba nikiking'oa kitakufa, na nikikiacha kitakatwa, ila kikikatwa kitachipua. Nikaokota mbegu chini ya muputu mkubwa wa jirani, na udongo wake kiasi cha mfuko mmoja.

Nimezipanda nne katika ndoo yenye kina. Mbili zimeota, na Nkambo ndiye anayezimwagilia.