Kidichi, kwa bibi mkandaji

Shangazi alinitazama mara moja tu nje ya uwanja wa ndege wa Zanzibar, hata begi sijaliweka chini, akasema: "Wee, hayo mabega yamekuwaje? Umekuwa kama mtu aliyebeba ndoo mbili." Nikacheka. Nilidhani ni uchovu wa safari. Usiku ule nilipojitazama kwenye kioo chumbani kwake Mkunazini nikaona anasema kweli. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na kila nikiyashusha yanapanda tena yenyewe.

Wengi wenu mnaosoma haya mnayajua mabega hayo. Mimi nalea wazee huko Coventry, zamu za usiku, mwaka wa 6 huu. Mchana nalala saa 4 au 5 za kukatika-katika, maana simu za nyumbani haziulizi huku ni saa ngapi. Mwaka jana tulikuwa tunalipia viza za nyumba nzima, nikachukua zamu za ziada. Ikafika pahala nasaga meno usingizini mpaka mume wangu ananiamsha. Watoto nikawa nawafokea kwa kijiko kuanguka. Daktari alinipima damu na moyo, hakuona ugonjwa. Akaniambia ni msongo, nijitahidi kupumzika. Nikamshukuru, nikaenda kazini.

Shangazi hana neno msongo. Alisema tu, "Wewe unataka kukandwa."

Kwetu neno hilo lina nyumba nyingi. Anakandwa mzazi kwa maji ya moto ndani ya siku zake 40. Anakandwa kijana aliyeteguka mguu mpirani. Bibi arusi anasingwa kwa singo na mafuta mpaka ngozi inang'aa. Siku hizi pia kuna masaji za hoteli za ufukweni, zenye mishumaa na bei za dola, na mimi kwa ushamba wangu wa Ulaya ndizo nilizozifikiria kwanza. Shangazi akakataa. "Wale wanakupapasa. Twende Kidichi."

Tukapanda daladala la Bububu pale Darajani, kisha bodaboda mbili kupandisha mlima. Ilikuwa Agosti, upepo wa kusi, kijua cha upole. Kando ya njia karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na harufu yake ikanifanya niwe na miaka tisa tena. Kwa kuwa tuliwahi kufika, nikamvuta Shangazi tuingie kwanza kwenye hamamu ya Kidichi, ambayo kwa miaka yake yote ya kuishi Unguja hakuwahi kuiona ndani. "Ya watalii hiyo," alisema, lakini aliingia.

Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, mjukuu wa Shah. Kwa nje ni jengo jeupe la makuba, la kawaida tu. Ndani kuta zimenakshiwa kwa chokaa kwa mtindo wa Kiajemi, maua, miti na hata ndege. Kuna birika la kuogea, na pahala pa kukandia. Nilisimama hapo kwa muda. Mwanamke aliyetoka mbali, akapelekwa nchi ya joto asiyojua lugha yake, na mumewe akaona atakachomjengea ni chumba cha mvuke na cha kukandwa. Huenda naye mabega yalikuwa yamempanda. Mtoto wa Said, Barghash, naye alijenga hamamu ya watu wote mjini, ile iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake, ikatumika mpaka mwaka 1920. Zote mbili sasa ni kavu. Shangazi aligusa birika, akasema lingefaa sana kuloweka nguo.

Bibi mkandaji anakaa mwendo mdogo kutoka hapo, nyumba ya bati yenye uwanja uliofagiliwa. Nilimwamkia, akaitika "Marahaba, mjukuu wangu," akanikalisha kwenye mkeka. Hakunigusa. Alianza kuuliza. Nalala? Napata choo? Nina mimba? Nina presha? Natumia dawa gani? Nimefika lini, na nimekaa kitako muda gani njiani? Nikamwambia: basi kutoka Coventry, ndege mpaka Doha, nyingine mpaka hapa, karibu saa 20 mlango kwa mlango, na ndani ya ndege sikuinuka ila mara moja. Akaniambia ninyooshe miguu. Akaweka kiganja kwenye shavu la mguu wa kulia, kisha la kushoto. Akarudia.

"Huu una moto. Na umejaa kuliko mwenzake."

Nikasema ni soksi.

"Mguu huu sikandi," akasema. "Na leo sikukandi popote. Nenda hospitali ukapimwe."

Nitasema ukweli, nilichukia. Nimesafiri nusu ya dunia, nimepanda bodaboda na vumbi lake, nikatae kukandwa mabega kwa sababu ya mguu? Nikamwambia, "Bibi, mimi nimekuja kwa mabega." Akajibu bila kupandisha sauti: "Mabega na mguu damu yao moja."

Ndani ya daladala la kurudi ndipo hasira ikageuka woga. Kila mwaka kazini tunafunzwa dalili hizo: mguu mmoja kuvimba, shavu la mguu kuuma, ngozi kuwa ya moto. Damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukilikanda donge hilo linaweza kung'oka, likapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa muda wa saa 4 au zaidi huifanya hatari hiyo iongezeke karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki ndogo. Nawatazama miguu wazee wa watu kila usiku, wangu sikuutazama.

Nilipimwa kwa altrasaundi siku ya pili yake. Hapakuwa na donge. Ilikuwa msuli umevutika, pengine kwa kukimbia na mabegi, na maji yaliyojikusanya kwa kukaa. Daktari, kijana wa Kipemba, aliposikia habari za bibi alisema, "Huyo amefanya kazi yetu." Akanishauri nisubiri uvimbe upungue. Zile saa za kungoja kipimo nilizipitisha nikiwaza nani atawalea wanangu, na mabega, kama mnavyodhani, yalikuwa masikioni kabisa.

Baada ya siku 4 nikarudi Kidichi. Safari hii bibi alinilaza kifudifudi, kanga juu yangu. Mafuta yake ni ya nazi, ya kukamua mwenyewe, na ndani yake matone machache ya mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa Pemba kutokana na vikonyo vya karafuu. Machache, alisisitiza, kwa sababu yakiwa matupu yanaunguza ngozi. Ni yaleyale yanayotia ganzi jino. Hakuanza na mabega. Alianza mgongoni chini, kwa viganja vizima, polepole na kwa uzito, akapanda kidogo kidogo kama mtu anayesukuma unga. Kwenye fundo la bega alibonyeza kwa kiwiko, akangoja. Hakusugua. Alingoja mpaka fundo lenyewe likachoka.

Baada ya kama nusu saa tumbo langu likaunguruma kwa sauti, nikaona haya. Bibi akacheka. "Hapo sasa. Mwili umerudi nyumbani."

Alikuwa na haki. Mwili wenye msongo unakaa kama mlinzi: moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, tumbo linasimamishwa kazi ili nguvu ziende kwenye kupigana au kukimbia. Ukikandwa kwa uzito wa wastani, si kupapaswa wala kuumizwa, upande wa pili wa neva unashika zamu. Moyo unapoa, pumzi zinarefuka, tumbo linaanza kusaga. Kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Miami, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Tiffany Field, inayochunguza mguso peke yake, na imesema mengi juu ya uzito huo wa mkono. Lakini msidanganywe na matangazo yanayodai kwamba kukandwa kunafagia homoni ya kortisoli mwilini. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2011 walikuta badiliko hilo ni dogo sana. Kinachoonekana wazi zaidi ni wasiwasi kupungua, hasa kwa anayekandwa mara kadhaa, si mara moja.

Mimi nililala. Nikakoroma, Shangazi anasema, mpaka kuku wakaondoka uwanjani. Usiku nikalala tena saa 8 mfululizo, jambo ambalo sikulikumbuka lini mara ya mwisho. Nilikwenda mara 3 kabla ya kuondoka. Mara ya mwisho niliuliza atanifundisha nini cha kuondoka nacho. Akanishika mikono, akaiweka kwenye mgongo wa Shangazi, akabonyeza juu yake mpaka nikajua uzito wenyewe ni upi. Shangazi alilalamika kwamba yeye si ubao wa shule. Kisha akanyamaza, na baadaye akasinzia.

Coventry mabega yalianza kupanda wiki ya pili. Viza bado zina deni, zamu bado ni za usiku. Huko mkandaji wa saa moja mara nyingi ni pauni 50 na zaidi, na kwangu hizo ni viatu vya shule. Kwa hiyo Jumapili baada ya kula tunatandika mkeka sebuleni. Mume wangu ana mkono mzito mno, inabidi nimkumbushe. Binti yangu wa miaka 9 ndiye fundi: anabonyeza na kungoja, kama alivyoelekezwa, na akichoka naye analala nimkande miguu. Wiki mbili hizi sijaamshwa kwa kusaga meno.

Mwezi uliopita nilimpigia bibi kwa simu ya mjukuu wake. Nikamweleza yote hayo, mabega, usingizi, mkeka wa Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Na mguu je?"