Kauntabuku ya Anwani

Ofisi ya kahawa niliyoanzia kazi Isansa ilikuwa na kauntabuku iliyopigwa mistari kwa rula: mwenye kompyuta, namba ya kompyuta, anwani ya IP. Ikija kompyuta mpya, unatafuta anwani isiyo na mtu, unaiandika kwa kalamu, kisha unaiingiza kwa mkono. Mhasibu akiondoka na kauntabuku kwenda Vwawa, umekwama. Mtu akijipa anwani ya mwenzake, zinagongana. Hata hivyo niliipenda: ukiuliza nani anatumalizia intaneti, jibu lilikuwa jina la mtu.

Ikaja DHCP. Kompyuta ikiwashwa inatangaza kwenye waya kwamba haina anwani, na seva inaikodisha moja kwa muda. Karani alifurahi kuliko mimi: "Fundi, basi karatasi hizo nipe nifungie maandazi."

Halafu mtu akanunua ruta ya Wi-Fi Tunduma na kuichomeka kwenye swichi yetu. Karuta kale kakaanza kugawa anwani zake za 192.168.0, kompyuta zilizokasikia kwanza zikazichukua, zikapotea kabisa kwenye mtandao wa ofisi. Ndipo tukaigawa swichi kuwa mitandao miwili iliyotengana, ofisi VLAN 10, wageni VLAN 20, na kuwasha ule ulinzi unaopokea majibu ya DHCP kutoka mlango unaoaminika tu.

Seva ilipohamia Vwawa kwa laini ya kukodi, pakawa na jipya. Kiwango cha 802.1Q, cha mwaka 1998, kinaruhusu namba 4,094 za VLAN, lakini sisi mafundi sote tunang'ang'ania 10 na 20. Mtoa huduma akasema 10 ina mwenyewe, chukueni 310 na 320. Nani abadilishe kila mlango wa swichi? Tuliuamuru mmoja tu, ule unaotoka nje: 10 ikitoka iwe 310, 310 ikirudi iwe 10, na wageni vivyo hivyo. Ukikosea hapo tangazo la DHCP halifiki Vwawa, na Windows inajipa yenyewe anwani ya 169.254. Hilo angalau unaliona. La hatari ni ule ulinzi wa DHCP: kwenye swichi za Cisco Catalyst unafuata namba ya ndani ya swichi. Ukiuwasha kwa 310 kwa sababu ndiyo inayopita kwenye laini, intaneti itafanya kazi vizuri kabisa, na hakuna kinacholindwa.

Siku hizi swichi inabandika kwenye kila ombi la anwani kile kinachoitwa chaguo la 82, yaani swichi gani, mlango upi. Kijana wa Vwawa ananipigia: "Shikamoo mzee. Mlango wa saba, VLAN 310, anapakua nini huyo?" Kwangu ni VLAN 10, na mlango wa saba unaishia kwenye tundu la ukutani karibu na dirisha. Nani amekaa hapo leo, inabidi nimpigie karani, maana watu wanahama meza wapendavyo na kompyuta zinapata anwani popote.