Tulichompa Roboti Mkononi

Noeli ya mwaka 2024, mjomba wa mmoja wetu anayeishi Ubelgiji alitutumia sanduku dogo. Ndani yake mlikuwa na roboti ambayo bado haijawa roboti: vipande vingi vya plastiki vilivyoshikamana na fremu zake kama matunda kwenye matawi, pamoja na kitabu cha michoro ya kuviunganisha. Sisi vijana wa Muhumba, ambao hukutana kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tuliona kwamba kazi hiyo ni ya wote.

Roboti hiyo huitwa Gundam. Ilizaliwa katika filamu ya katuni iliyoonyeshwa na televisheni ya Japani mwaka 1979, na tangu mwaka 1980 kampuni ya Bandai huuza vipande vyake ili kila mtu aijenge kwa mikono yake. Katika hadithi ina urefu wa mita 18, na anayeiendesha ni mvulana wa miaka 15 ambaye vita vilimkuta nyumbani. Yetu, iliyopunguzwa mara 144, ina urefu wa sentimita 12 na nusu tu.

Tulikata vipande kwa kikata kucha na kusugua makovu yake kwa msasa. Goti moja lilipasuka kwa haraka yetu wenyewe, na kosa hilo likawa mwalimu. Tuligundua kwamba mabaki ya fremu, yakilowekwa katika dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni, hulainika yakawa uji mzito unaoziba ufa. Tukagundua pia kwamba kijiti cha fremu kikipashwa moto juu ya mshumaa, madirisha yakiwa wazi, kisha kikavutwa taratibu, huwa uzi mwembamba unaofaa kuwa antena. Kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, mshumaa haukuwa mbali nasi.

Mwishoni mwa Januari roboti ilikuwa na kichwa, kiwiliwili na miguu. Kisha, Februari 2025, vita viliingia Bukavu. Tulifungiwa majumbani, na sanduku likakaa chini ya kitanda. Katika siku hizo watoto wa mji huu waliokota bunduki na sare zilizoachwa na askari waliokimbia, na Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba wako watoto waliouawa. Hatutaki kusimulia zaidi ya hapo. Kila msomaji wa Bukavu ana simulizi lake.

Tulikutana tena wakati wa Kwaresima. Kazi iliyobaki ilikuwa mikono na silaha: bunduki, ngao na panga mbili za mwanga. Mdogo wetu kuliko wote, mwenye miaka 13, alikata kipande cha bunduki kutoka kwenye fremu, akakishika kwa muda mrefu, kisha akamwambia aliyekuwa na kitabu cha michoro: «Yaya, tusimpe hii.»

Hapo tulibishana. Mmoja wetu, ambaye ndiye fundi hodari kuliko sisi sote, alisema kwamba Gundam bila bunduki si Gundam, na kwamba mkono ule umeundwa ili uishike. Halafu akaongeza jambo zito zaidi: «Asiye na silaha ndiye anayekimbizwa. Ninyi nyote mmeliona hilo.» Hakuna aliyemjibu upesi. Hakusema uongo, na katika chumba kile walikuwamo waliokuwa wamekimbizwa.

Mlezi wetu hakuamua kwa niaba yetu. Alitukumbusha tu ziara ya Baba Mtakatifu Fransisko mjini Kinshasa. Tarehe 1 Februari 2023 alikutana na watu wa mashariki mwa nchi yetu walioumizwa na vita, nao wakaweka chini ya msalaba vifaa vilivyofanana na vile vilivyowaulia jamaa zao, panga likiwamo. Kesho yake, katika Uwanja wa Mashujaa, aliwaomba vijana waitazame mikono yao, wajiulize kama ni ya kujenga au ya kubomoa. Kila kidole alikipa neno lake: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma.

Yule fundi aliuliza: «Basi, tukiiondoa bunduki, mkono ubaki mtupu?» Swali hilo ndilo lililotusaidia. Kumnyang'anya mtu silaha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa cha kushika. Nabii Isaya hakuona silaha zikitupwa tu. Aliziona zikigeuzwa kuwa zana za shamba.

Roboti ya Muhumba basi ishike nini? Tulitazama njia inayopanda kutoka ziwani, tukawaona akina mama na watoto na bidoni zao za njano. Yule fundi mwenyewe aliokota kipande cha bidoni kuukuu, akakichonga hadi kikawa bidoni ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Gundi ilikataa, kwa sababu plastiki ya bidoni si ya jinsi moja na ile ya roboti. Alipasha moto waya mwembamba juu ya makaa, akatoboa mpini na kiganja, akavifunga pamoja. Hata leo hasemi kwamba tulimshinda kwa hoja. Bidoni, hata hivyo, ni kazi yake.

Tusidhani kwamba kujenga hivi ni mchezo wa wageni. Mkongomani mwenzetu Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, alitumia miaka mingi akijenga kwa karatasi, kadibodi na plastiki miji ambayo haijawahi kuwapo, na mwaka 2018 kazi zake zilijaza kumbi za jumba la sanaa la MoMA, New York. Mji mmoja aliouunda mwaka 1996 aliuwazia kuwa mji wa amani usiohitaji polisi. Hakuusubiri uwepo ndipo auonyeshe.

Roboti yetu imesimama sasa kwenye rafu ya chumba cha mikutano. Bunduki hatukuitupa ziwani, kwani ziwa limeshiba plastiki. Tuliiweka chini ya msalaba wa chumba hicho. Tunajua kwamba bunduki ya plastiki iliyowekwa pale haijanyamazisha hata moja ya chuma. Lakini yule mdogo wetu, kila anapoingia, huitazama kwanza bidoni, kisha msalaba, ndipo huketi.

Mji wetu una rasi tano zinazoingia ziwani, nao hufananishwa na mkono. Muhumba ni kidole kimojawapo. Vijana wenzetu wa parokia zote, mtakapokutana wiki hii, mtazame kila mmoja mikono yake na kuulizana: ni kitu gani tumekabidhiwa tukishike kwa sababu tu kilikuwa ndani ya sanduku? Na tukikiweka chini ya msalaba, tutampa nini ndugu yetu akishike badala yake?