Swali la Mzee wa Kingolwira

Kwa wiki kumi sasa ninaamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ninamfunga kamba mbwa wangu Bobi, kisha tunashika barabara ya kutoka Bigwa kuelekea Kingolwira. Mwishoni mwa mwezi huu, mimi na wenzangu kadhaa wa chuoni tutatembea kutoka Morogoro hadi Chalinze, zaidi ya kilomita 80, kwa siku tatu. Hayo ni matembezi ya hisani. Fedha za wachangiaji zitanunua chanjo ya kichaa cha mbwa kwa ajili ya kijiji nilichozaliwa na vijiji jirani.

Ndugu msomaji, naomba nieleze sababu. Mwaka jana mtoto wa binamu yangu, mwenye umri wa miaka saba, aling'atwa mguuni na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Jeraha lilikuwa dogo. Likapakwa mafuta ya taa na kufungwa kitambaa. Zahanati haikuwa na chanjo. Mjini ilikuwapo, lakini ilidai nauli na malipo ambayo baba yake alilazimika kwenda kuyatafuta. Alipoyapata, mtoto alikwisha kuanza kuogopa maji. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Tulimzika kando ya kaburi la bibi yake.

Nilirudi Morogoro nikiwa na hasira, nikapendekeza matembezi, na nikaamua kwamba Bobi atatembea pamoja nami ili watu waone kuwa mbwa si adui.

Mazoezi tuliyaanza kwa kilomita tano, tukawa tunaongeza mbili kila wiki. Nilijifunza kwamba mbwa hapoi kwa jasho kama sisi bali kwa kuhema, na kwamba lami ya saa nne asubuhi huweza kuunguza nyayo zake. Kwa hiyo tunapita pembeni penye udongo, tunapumzika kila nusu saa, naye hunywa maji kabla yangu. Watoto waliokuwa wakimrushia mawe sasa wanamwita kwa jina.

Katika wiki ya pili tulikutana na mzee mmoja karibu na Kingolwira, akitoka kuswali alfajiri. Nilimhamishia Bobi upande wangu wa pili, mate yake yasije yakagusa kanzu ya mzee, kisha nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mnakwenda wapi na mbwa alfajiri yote hii?"

Nikamweleza habari za matembezi na za mtoto wetu. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipa pole. Kisha akauliza, "Na huyu wako, amechanjwa?"

"Nadhani amechanjwa, mzee."

"Unadhani," akasema kwa upole, akaniaga.

Nilipofika nyumbani nilikitafuta cheti cha Bobi. Chanjo yake ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka miwili. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, niliyekwisha kuandika barua ya kuwaomba watu michango, nilikuwa nikitembea barabarani na mbwa asiye na kinga. Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Kazi yote ilichukua dakika tano, na gharama yake haikufikia bei ya mafuta ya gari langu ya siku mbili.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya niyatazame upya matembezi yetu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata mnyororo wa maambukizi. Louis Pasteur alimtibu mtoto Joseph Meister kwa chanjo mwaka 1885. Hakuna siri iliyobaki kugunduliwa. Kilichobaki ni mtu wa kuuliza kila mwaka, kila kijiji, na asiyekubali kujibiwa "nadhani".

Swali hilo hisani haiwezi kulibeba. Michango yetu itawachanja mbwa wa mwaka huu; watoto wa mbwa watakaozaliwa mwakani watahitaji kifungu katika bajeti ya halmashauri. Hisani huanza pale moyo unapoguswa, na huisha moyo unapochoka. Wajibu wa umma hauna ruhusa ya kuchoka.

Nitatembea hata hivyo, kwa sababu mtoto atakayeng'atwa mwezi ujao hawezi kusubiri bajeti. Lakini ninawaomba wanafunzi wangu wajue, na wawafundishe wazazi wao, kwamba jeraha la mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu hukimbizwa kupata chanjo. Wanaharakati waulize kwenye mikutano ya kijiji chanjo ilifika lini mara ya mwisho. Nanyi watumishi wa umma, mnapojaza taarifa kwamba mbwa wa wilaya yenu wamechanjwa, mkumbukeni mzee wa Kingolwira.

Juzi nilikutana naye tena. Kabla hajauliza, nilikitoa cheti mfukoni.