Barua kwa Mpwa Wangu Kabla Hajauza Kiwanja

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi wazima. Goti la mama yako limepoa kidogo, na mdogo wako amefaulu.

Nimesikia, wala si kwa kinywa chako, kwamba unataka kuuza kiwanja cha marehemu baba yako uingie ubia wa duara la kuchimba dhahabu huko Chunya na rafiki yako. Lililoniumiza zaidi ni hili: yeye, aliyekulia machimboni, ndiye aliyekukataza mwanzoni. Ukamwita mwoga mbele za watu. Sasa nasikia yeye ndiye anayekuharakisha.

Nilipokuwa nafundisha historia, niliwasimulia wanafunzi utenzi wa Gilgamesh, ulioandikwa kwenye vibao vya udongo huko Mesopotamia, Iraki ya leo. (Wengi walisinzia. Wewe hukusinzia.) Gilgamesh, mfalme wa Uruk, theluthi mbili mungu, aliwatesa watu wake bila wa kumzuia. Ndipo akaumbwa Enkidu, mtu wa porini aliyekula majani pamoja na swala. Walipokutana mjini, wakashikana mieleka mlangoni, wakatoka hapo marafiki.

Mfalme akataka kwenda Msitu wa Mierezi kumuua mlinzi wake, Humbaba, apate jina. Enkidu aliujua msitu ule, akamjua na Humbaba, akamkataza. Mfalme akamsimanga kwa woga. Wazee wa mji nao wakamwonya, hakusikia. Wazee tuna kazi! Baba yako nilimwambia asiuze minazi yake, alinisikia? Basi wazee wakaomba walau Enkidu atangulie, maana njia anaijua.

Humbaba aliposhindwa, akaomba asiuawe. Unajua nani alihimiza amalizwe upesi? Enkidu. Yule yule! Mimi naamini lile simango lilikuwa bado linamchoma. Tangu hapo hakukuwa tena na wa kusema hapana kati yao. Walimuua hata Fahali wa Mbinguni, Enkidu akamrushia mungu Ishtar paja la mnyama. Miungu ikaamua mmoja wao afe. Akafa Enkidu, tena kwa ugonjwa, kitandani. Mfalme alimlilia siku sita na usiku saba, hataki azikwe, mpaka funza akamdondoka maiti puani. Aliyelicheka onyo la mwenzake ndiye aliyebaki akizunguka nyika amevaa ngozi.

Mwenzako ameona maduara yakifukia watu. Wewe umeona dhahabu kwenye simu. Ukimfanya afanane nawe, umebaki peke yako ingawa mko wawili.

Usikope kwa wenye riba. Shangazi yako mpigie, ananung'unika kwangu kana kwamba mimi ndiye nimemsahau.

Hati ya kiwanja ninayo mimi, na haitoki kabatini mwangu kwa ujumbe wa simu. Njooni Tanga wote wawili. Kwanza utamwomba radhi mbele yangu, kisha yeye ataeleza ya Chunya tangu mwanzo hadi mwisho, nawe utakuwa kimya.

Mjomba wako