Kunduchi: Mchanga Ulikuwa Mtoni

Mimi ni mtu wa Kamuli, katika Karagwe ya zamani, upande ambao sasa ni Wilaya ya Kyerwa. Nimekulia kwenye migomba na mibuni, na maji makubwa tuliyoyajua yalikuwa ya Mto Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilipata ukarani wa stoo katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Huko ndiko nilikoshuhudia nchi kavu ikiliwa.

Ufukwe wa kuanzia Mbezi hadi Kunduchi ulikuwa na hoteli zenye sifa: Africana, Silver Sands, Kunduchi Beach, Bahari Beach. Africana haikunusurika. Bahari ilisogea mpaka kwenye majengo, na mwisho hoteli ikaachwa. Leo vijana wanashuka kwenye kituo cha daladala cha Africana, na wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi.

Kwenye hoteli yetu, kilichonitia hofu ni chemba ya maji taka. Ilikuwa imefukiwa, mfuniko wake tu ukionekana kwenye nyasi. Kusi moja ilipokwisha, chemba ile ilikuwa imebaki wima ufukweni, tofali zote nje, imenipita kimo. Nyuma yake minazi ilikuwa inaning'iniza mizizi kwenye ukingo uliokatika kama uliokatwa kwa panga.

Mabishano yakaanza. Wakubwa wetu walitaka ukuta. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill hakikuwa mbali nasi, lakini baada ya vita vya Amin saruji ilipatikana kwa kibali, tena kwa shida. Tulipanga mawe tukayashindilia. Ukuta uliposimama, wimbi liliupiga, likarudi na mchanga wa mguuni pake, na baada ya muda mawe yakalala. Kwingineko kwenye ufukwe huo walijenga makingio ya mawe yaliyoingia baharini ili yanase mchanga. Yalinasa kweli. Ila pale Kunduchi mchanga mwingi husukumwa na kusi kuelekea kaskazini, kwa hiyo kila aliyeuzuia alimnyima jirani yake wa kaskazini. Naye jirani akajenga ya kwake.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akituletea samaki, alinikuta nikiandika hesabu ya mawe. Akaniambia, "Mwanangu, bahari mnaionea bure. Nenda kwanza katazame mtoni."

Nilikwenda Mto Tegeta. Malori yalikuwa yamepangana ndani ya mkondo wenyewe, vijana wakipakia mchanga kwa mabeleshi. Jiji lilikuwa linajengwa, na mchanga wake ulitoka huko na kwenye mito mingine ya jirani: Mbezi, Mtongani, Mdumbwi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioupima ufukwe ule miaka ya 1980 nao waliutaja uchimbaji huo kuwa sababu kubwa ya mmomonyoko. Na nje baharini, miamba ya matumbawe iliyokuwa ikivunja nguvu za mawimbi ilikuwa inalipuliwa kwa baruti za wavuvi haramu na kuchimbwa ili kuchomwa chokaa.

Mtu wa Kamuli haelewi mambo ya pwani upesi, lakini hili nililielewa pale pale. Shamba la migomba huendelea kuzaa kwa sababu linarudishiwa samadi na matandazo. Ufukwe nao hulishwa na mito. Ukiukatia chakula, ukuta hautaushibisha.

Wala si Kunduchi pekee. Upande wa Pangani, miaka hiyo hiyo, kisiwa cha Maziwi, mahali kasa walipokuwa wakitagia mayai, kilizama baada ya miti yake ya mivinje kutoweka. Kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka.

Sisemi kuta zisijengwe. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta wa Barabara ya Barack Obama, ile tuliyoiita Ocean Road, pamoja na ule wa Kigamboni kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kwa fedha za mfuko wa kimataifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Barabara ya jiji na hospitali ya saratani iliyo kando yake haziwezi kuhamishwa kirahisi, na hapo ukuta una haki yake. Lakini ukuta hulinda kilicho nyuma yake. Ufukwe ulio mbele hauna wa kuulinda.

Ninachokidai ni mpangilio. Kwanza, uchimbaji wa mchanga mitoni ukomeshwe, na wajenzi waonyeshwe mahali pengine pa kuupata, maana bila hivyo malori yatarudi usiku. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka baharini, mtoni au ziwani, itekelezwe kwa mwenye hoteli kama inavyotekelezwa kwa mwenye kibanda. Tatu, ukuta uje mwisho, pale tu pasipohamika, na mwenye kuujenga athibitishe kwanza kwamba hataangamiza ufukwe wa jirani. Wavuvi wa Kunduchi wamepoteza nyumba na hawakuwa na fedha za mawe. Wao ndio waulizwe kwanza kabla ya jiwe lolote kuwekwa.